Anayebonyeza Ashuke Kwanza

Hakuna mbwa aliyezaliwa duniani akanikatalia mimi. Sentensi hiyo naiweka juu kabisa, mapema, ili mjue mnasoma habari za nani. Mimi ni Obeid Tweve, mtoto wa Makete, kule ambako asubuhi za Julai umande unaganda kwenye majani ya viazi na wanafunzi wanaenda shule wakitoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Kwenye usaili wa kazi hii waliniuliza kama nitaivumilia baridi. Nikawajibu kwamba baridi na mimi tumenyonya ziwa moja. Wakacheka, wakanipa kazi. Niliposhuka kwenye ndege huku kaskazini, machozi yaliganda kwenye kope kabla sijajua kama nalia. Hapo nikatambua kwamba ile ya Makete ilikuwa binamu wa mbali tu.

Lakini mbwa, hapana. Mbwa tulielewana siku ile ile.

Kambi yetu inalinda mbegu. Ndani ya mlima kuna ghala, na ndani ya ghala kuna ulezi, mtama, mbaazi na maharage ya kila rangi kutoka kila wilaya ya Afrika Mashariki, yamelala kwenye pakiti zinazong'aa, yakingoja siku ambayo mashamba ya nyumbani yatayaita. Tuko watu kumi na mmoja. Magari makubwa ya theluji niliyakuta yameegeshwa nyuma ya karakana, yameota kutu. Barafu ya baharini ya miaka hii haibebi chuma. Ukiitazama ni nzima kama chapati, kumbe katikati ni mbichi. Magari mawili yalizama na madereva wake kabla sijafika, na baada ya hapo watu wakarudi kwa mbwa. Uzito wa mbwa ni mdogo, anaugawa kwa miguu minne, na ana kitu ambacho injini haijawahi kuwa nacho: anaogopa.

Wangu walikuwa watano. Niliwapa majina ya shule, maana miaka minne ya bweni ilinifundisha kwamba kundi lolote lenye njaa linaendeshwa vilevile. Nyuma, karibu na sleji, kile kitoroli cha mbao kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya barafu, walikaa Gunia na Ubao, madume mawili yenye nguvu nyingi na akili ya kutosha kula. Katikati walikuwa Makamu na Kengele. Mbele, peke yake, Kiranja.

Kiranja alikuwa jike la miaka minane, sikio la kushoto limekatwa nusu, jicho moja la kahawia na jingine la buluu. Ucheshi hakuwa nao hata chembe. Ukimtania alikutazama kama anayeandika jina lako kwenye orodha ya wapiga kelele. Na yeye peke yake kati ya wote watano ndiye aliyevaa Tulizo.

"Hebu niambie tena," Nasieku aliniambia asubuhi moja bandani. Nasieku ndiye daktari wetu wa mbwa, mwanamke wa Laikipia wa miaka arobaini na kitu, mrefu, aliyekulia nyuma ya ng'ombe na bado anatembea kama kuna ng'ombe mbele yake. "Tulizo linafanya nini?"

"Linamfanya mbwa awe mwanaume, dada."

"Tweve."

"Linanyamazisha hofu. Sekunde tisini. Dereva anabonyeza kitufe kwenye mshikio wa sleji, kola inapeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya sikio, mbwa anasahau kuogopa."

"Na utii wake?"

"Hauguswi."

"Na mapenzi yake kwako?"

"Hayaguswi. Yanabaki yote, kama yalivyo."

"Sasa fikiria. Mnyama anakupenda, anakutii, na haogopi. Umebaki na nini?"

"Askari mzuri."

Hakucheka. "Umebaki na mnyama ambaye hana tena namna ya kukwambia hapana. Haya, soma sheria."

Sheria ilichomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao juu ya mlango wa banda: ANAYEBONYEZA ASHUKE KWANZA. Aliyeiweka ni Nasieku mwenyewe. Tulizo lilibuniwa kwa sababu mbwa wakati mwingine anaogopa kisichokuwepo, labda harufu ya dubu aliyepita juzi au ufa ulioganda zamani, na msafara unakwama. Kwa hiyo mbwa akikataa, dereva anashuka kwenye sleji, anachukua fimbo yenye ncha ya chuma, anatangulia hatua arobaini akigonga barafu kila hatua. Ukimaliza arobaini ungali mkavu, unarudi, unapanda, unabonyeza.

"Hofu unayomnyang'anya," Nasieku alipenda kusema, "ibebe wewe kwanza kwa miguu yako."

"Na nikizama hatua ya thelathini na tisa?"

"Basi mbwa alikuwa na haki. Nitakuombea."

Mwaka mzima sikuwahi kubonyeza. Ndiyo maana nilijisifu vile. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumpeleka Kiranja mahali pa kukatalika.

*

Sleji yangu ilitengenezwa na Fundi Salome Mndolwa wa Magamba, Lushoto, seremala wa kambi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi hakutumia msumari hata mmoja. "Msumari mbishi," alisema. "Kwenye baridi unakatika. Kamba inasikiliza." Kila kiungo alikifunga kwa kamba ya ngozi iliyolowekwa, ikikauka inabana, lakini inaacha mbao zicheze kidogo ili sleji ipite kwenye matuta bila kuvunjika.

Kazi ikiisha alikuwa na namna yake ya kuikagua. Alijilaza chali juu ya kitanda cha sleji, pale anapolazwa mgonjwa au mzigo, akavua miwani, akafumba macho. Kisha akakuamuru wewe dereva uliye nyuma, kwenye mbao mbili ndefu anazosimamia dereva: "Panda. Shuka. Panda. Shuka." Alikuwa anasikiliza kwa mgongo. Kamba ikilegea popote aliijua, akainuka, akaifunga upya. Kwa sleji yangu nilipanda na kushuka mara ishirini na tatu.

"Fundi," nilimwambia, "ukitulia hivyo nadhani tunakupima jeneza."

"Panda," alisema, macho yamefumba. "Na punguza ugali. Wewe ni mzito kuliko mdomo wako."

Mwezi Machi, siku ya tatu ya upepo, Fundi hakuja kunywa chai. Tulimkuta chumbani kwake amejikunja, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Daktari yuko ng'ambo ya ghuba, kwenye hospitali ndogo yenye paa jekundu. Kwa redio ya mawasiliano alimwambia Nasieku ambonyeze tumbo upande wa kulia chini, kisha aachie ghafla. Fundi akapiga yowe.

"Kidole tumbo," redio ikasema. "Mleteni kabla ya saa kumi jioni. Kikipasuka siwezi kuwaahidi kitu."

Ndege haikuweza kuruka kwenye upepo ule. Njia ya nchi kavu, kuzunguka mlima, ni mwendo wa saa kumi na mbili. Kukatiza ghuba juu ya barafu ni mwendo wa saa tatu. Nasieku angeenda mwenyewe, lakini mguu wake ulikuwa kwenye bandeji tangu wiki iliyotangulia, alipoteguka kifundo. Na kwa uzito, barafu ile ilikuwa ya watu wawili tu, anayeendesha na anayelala.

Alinifuata akichechemea mpaka nje, akanifungia fimbo ya kupimia kwenye ubavu wa sleji kwa mikono yake. Akainama, akamshika Kiranja kichwa, akamnong'oneza kitu kwa Kisamburu.

"Unamwambia nini?"

"Nimemwambia akuangalie. Wewe nakwambia umsikilize." Akanitazama sawasawa. "Akikataa, Tweve?"

"Kiranja hawezi kunikatalia, dada. Ananiogopa."

"Akikataa?"

"Nashuka."

Tuliondoka saa sita kasoro, jua limekaa chini kabisa pembeni mwa dunia kama mtu asiye na uhakika kama amealikwa.

*

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mbwa wa sleji akikimbia hasikiki sana, ni pumzi na kucha tu, na sauti ya mbao zikiteleza kama mtu anayepasua kitambaa kirefu kisichoisha. Nilipiga domo ili Fundi asisinzie.

"Fundi, umekaa daraja la kwanza."

"Daraja la kwanza linanuka mbwa."

"Huyo ni Gunia. Tutamwandikia barua mzazi wake."

Akacheka, kisha akashika tumbo, akalaani siku niliyozaliwa. "Usinichekeshe, mwanangu. Unaniua."

Saa ya pili alipunguza maneno. Kwenye saa nane nilimwita, hakuitika. Nikainama kuchungulia: uso umekuwa wa majivu, macho yamefumba, mdomo uko wazi kidogo. Nikajua amezimia. Nikawaambia mbwa haya, haya, haya, wakaongeza mwendo.

Saa nane na nusu Kiranja akasimama.

Mbele yetu barafu ilikuwa nyeupe vilevile kama ya nyuma. Paa jekundu la hospitali lilikuwa linaonekana, kilomita tatu hivi, dogo kama kizibo cha soda. Kiranja alinusa, akarudi nyuma hatua mbili, akalala kifudifudi, kidevu juu ya barafu.

"Haya!"

Akainuka, akapinda kushoto, upande wa pwani, akiwavuta wenzake kwenye mzunguko mrefu wa ghuba.

"Simama! Mbele, Kiranja. Haya!"

Akalala tena. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, naye hakunyanyua hata sikio. Alinitazama tu kwa pembeni, jina langu limeshaandikwa.

Sasa nieleze hesabu niliyopiga, maana nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na sijawahi kupata jibu jingine. Nikipita mbele moja kwa moja, nafika saa tisa. Nikimfuata mbwa kushoto, nilikadiria nafika saa kumi na nusu, na kidole tumbo hakisubiri. Hiyo ndiyo njia panda niliyomweleza kila mtu baadaye: uhai wa binadamu au woga wa mbwa. Inasikika vizuri. Aliyeisikia alitikisa kichwa akaniambia kwamba hata yeye angebonyeza.

Lakini kulikuwa na njia ya tatu, na ilikuwa imefungwa kwenye ubavu wa sleji kwa mikono ya Nasieku. Hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi. Dakika kumi. Dakika kumi nilikuwa nazo.

Nikashusha mguu mmoja. Ulipogusa, nikasikia barafu inaongea chini yake, sauti ndogo kama mtu anayetafuna muhogo mbichi chumba cha pili. Mimi sijui kuogelea. Makete hatuna bahari.

Nikaurudisha mguu juu ya ubao.

Nikabonyeza.

Sikio zima la Kiranja likasimama. Mkia, ambao siku zote aliubeba chini kama mwalimu wa zamu anayebeba fimbo, ukapanda. Alisimama, akageuka, akanitazama kwa macho yake mawili yasiyofanana, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakukuwa na orodha ndani yake. Kulikuwa na mimi tu.

Nikasema haya. Akaenda.

*

Barafu haikupasuka kwa kishindo. Iliinama. Kiranja alizama mpaka mabegani, kisha Makamu na Kengele wakamfuata kwa pamoja, na maji meusi yakapanda juu ya weupe kama wino uliomwagika kwenye daftari. Gunia na Ubao, wale niliokuwa nawaita wajinga, walikaa chini palepale, wakachimba kucha, wakaegemea nyuma kwa nguvu zote. Sleji ikasimama, pua yake hatua nne kutoka kwenye shimo.

Makamu na Kengele walifanya kile ambacho kila mwenye pumzi angefanya. Walilia, wakakwangua ukingo, wakapandana, wakaumana. Kengele akapata mahali pa kushika, akatoka akitetemeka. Makamu akatoka nyuma yake.

Kiranja hakukwangua. Kiranja aliogelea.

Aliogelea mbele, kichwa juu, mkia juu, taratibu, kama anavyokimbia siku ya hali nzuri. Nilikuwa nimemwambia haya, na ndani yake hakukuwa na kitu kingine kilichomwambia tofauti. Maji yale yanaua kwa dakika, lakini mwili wake haukuwa na wa kuupelekea habari hiyo. Kamba kuu ikakaza. Akaanza kuwavuta Makamu na Kengele kuwarudisha kwenye ukingo, nao wanateleza wakilia, na nyuma yao Gunia na Ubao wanateleza, na nyuma yao sleji, kidole kwa kidole, na Fundi amelala juu yake.

"Kiranja! Rudi!"

Mbwa wa sleji hafundishwi neno hilo. Tunamfundisha haya, simama, kulia, kushoto. Nikapiga kelele simama. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, ukalichukua neno ukalitupa nyuma yangu.

Hapo ndipo niliposhuka. Nilikimbia na kisu mpaka kwa Kengele, nikalala kwa tumbo, nikakata kamba ya Kiranja pale inapoungana na za wenzake. Ilikuwa ngumu, imeganda. Nilikata kwa muda mrefu. Ilipokatika, wanne walianguka nyuma kwa pamoja, na yeye mbele akaongeza mwendo, kwa sababu mzigo ulikuwa umepungua.

Nilikuwa nahesabu. Sijui kwa nini mtu anahesabu wakati kama ule. Sitini na nne, sitini na tano. Alifika katikati ya maji. Sabini na tano. Mwendo wake ulipungua, nyuma yake ikazama kidogo, lakini kichwa kiliangalia mbele, kwenye paa jekundu nililomwelekeza. Themanini na nane. Themanini na tisa.

Sekunde tisini zilipoisha, hofu yake ilimrudia yote kwa mara moja. Aligeuka. Akaanza kupiga maji kwa miguu ya mbele, akanitafuta kwa macho, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, maana Kiranja alikuwa habweki wala halii. Ilikuwa moja tu, fupi.

Halafu maji yakatulia, na mimi nimelala pale, nimeshika kipande cha kamba.

Makamu sikuweza kumweka mbele, aliketi, akakataa. Kwa hiyo nilifungua fimbo ya kupimia, nikatangulia mwenyewe. Nilikwenda kushoto, kule alikotaka yeye. Nikagonga barafu kila hatua, na kila hatua ikajibu kwa sauti kavu, nzito, ya kitu kizima. Sikuhesabu arobaini. Nilitembea kilomita tano, mzunguko mfupi kuliko nilivyokadiria, mbwa wanne wakinifuata kichwa chini.

Tulifika hospitali saa kumi kasoro dakika kumi. Kwa miguu yangu, kwa njia ya Kiranja, na muda ukabaki.

*

Nilimpigia Nasieku kwa redio baada ya daktari kutoka chumba cha upasuaji na kuniambia kwamba Fundi atapona.

"Mungu asifiwe," Nasieku alisema. "Na mbwa?"

Nikamwambia.

"Alikataa?"

"Alikataa, dada. Mara tatu."

"Ukashuka."

Hakuuliza. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Na hapo, ndugu zangu, ningeweza kunyamaza tu na ingetosha. Lakini mimi mdomo wangu haukai.

"Nilishuka. Nikatangulia hatua arobaini zote, nagonga. Barafu ilikuwa inaitikia vizuri kabisa. Nikarudi, nikabonyeza. Nadhani ilipasuka kwa uzito wa sleji."

"Arobaini zote?"

"Arobaini na moja. Niliongeza moja kwa ajili yako."

Nilisikia analia. Sikuwahi kujua kwamba Nasieku analia. Aliniambia kwamba nimefanya kila kitu ambacho mtu angeweza kufanya, kwamba mama yangu alizaa, na kwamba ataandika kwenye daftari la mbwa: Kiranja, amekufa kazini, dereva alitangulia.

Nikadhani ni uongo mdogo, blanketi la mtu mmoja. Siku ya pili akanipigia yeye.

"Tweve, sikulala. Kama wewe uligonga arobaini na barafu ikakudanganya, basi fimbo haina maana. Nimekuwa nawashusha watu kwenye sleji bure. Wamegandishwa vidole bure." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimemwambia mkuu naiondoa ile sheria. Nitaupiga randa ule ubao mwenyewe. Madereva wenzako wawili wanaondoka Jumatatu kupeleka mbegu kisiwani, wakikataliwa na mbwa watabonyeza bila kushuka. Angalau wasipoteze muda."

Nilikuwa nimeshika redio kwa mikono miwili.

"Unasemaje? Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Kweli, dada," nikasema. "Ni sawa."

*

Fundi alifumbua macho vizuri siku ya tatu, Jumamosi, mchana. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha mpaka kwenye shuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma, nimemchongea kijiko kwa kipande cha mti, kibaya, kimepinda.

"Hicho nini?" akauliza.

"Kijiko, Fundi."

"Nani kakiambia kwamba ni kijiko?"

Nikacheka, nikafurahi kwamba bado ni yeye. Nikamvalisha miwani yake. Akauliza habari za mbwa. Nikamsimulia. Siku hizo tatu nilikuwa nimeshausimulia mkasa huo kwa daktari, kwa wauguzi wawili na kwa mpishi, nao ulikuwa umenenepa; hatua arobaini zilikuwa na vituko vyake, kuna mahali nateleza, kuna mahali nasali, kuna mahali Kiranja ananitazama nikirudi kana kwamba ananipa heshima. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye sheria inayoondolewa na madereva wa Jumatatu, bila kunikatiza. Kisha akavua miwani tena, akaiweka kifuani.

"Mwanangu, sikuzimia."

"Ulizimia, Fundi. Nilikuita."

"Nilifumba macho. Maumivu yale ukifungua mdomo yanatoka yote." Alikuwa anatazama dari. "Nilisikia ukimpigia kelele. Mara tatu. Nikasema moyoni, sasa anashuka. Nikangoja sleji ipande."

Nikakigeuza kile kijiko mkononi.

"Nimeifunga mwenyewe ile. Ulipanda na kushuka mara ishirini na tatu, ukinitania jeneza. Dereva akishuka, kitanda kinapanda vidole viwili, huku, chini ya kiuno." Akagusa mahali penyewe juu ya shuka. "Haikupanda, Obeid."

Jina hilo huku hakuna mtu aliyewahi kuniita.

"Ilicheza kidogo upande wa kushoto. Ulishusha mguu mmoja. Halafu ikarudi." Akapumua. "Ilikuja kupanda baadaye, ulipokimbia na kisu. Wakati huo mbwa alikuwa majini, nilimsikia. Na toka hapo haikushuka tena mpaka hospitali. Njia nzima nilikuwa nakusikia unagonga mbele."

Nilitafuta utani. Nawaapia niliutafuta kila mahali ambapo huwa naupata, na hakukuwa na kitu.

"Fundi, nilikuwa naogopa."

"Najua. Hata yeye alikuwa anaogopa."

Aliunyoosha mkono wake mzito, wenye makovu ya patasi, mpaka kwenye meza ya pembeni. Akaichukua redio niliyokuwa nimeiacha pale, akaiweka juu ya blanketi, akaisukuma polepole mpaka ikagusa goti langu.

"Leo Jumamosi," akasema. "Mwite Nasieku, mimi nikisikia."